Kisanduku cha Ndanu Chumbani kwa Mzazi

Ndanu alikuja mwezi uliopita, masika ndiyo kwanza yaanza, tumbo limemtangulia kama mtu aliyeficha sufuria ya pilau chini ya dera. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Akasema, "Shikamoo, Bibi." Nikaitika marahaba, wala nisimtambue, mpaka alipocheka. Kile kicheko chake hakijabadilika, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikamwambia, "Wee Mkamba! Shikamoo umeipata wapi? Zamani ulikuwa waingia hapa na 'Sasa shosho, uko poa?' kama tuliota meno pamoja." Akasema, "Si ni wewe ulinifunza, na mwiko mkononi." Kisha, hata mkoba hajautua, akaniambia, "Bibi, nimekuja kuzaa huku. Nataka arobaini yangu nikae kwako, kile chumba changu cha uani, unikande wewe." Mie nikamtazama. Injinia mzima, yuwafanya kazi Nairobi, ana mume, ana hospitali zenye lifti, aja Bofu kukandwa na bikizee asiyejua kuandika hata jina lake! Nikamwuliza, "Na mumeo amekubali?" Akasema, "Aliogopa kukataa." Akafungua mkoba. Nikadhani atatoa vinguo vya mtoto. La. Alitoa kisanduku cheupe, kama kipande cha sabuni ya mche, akakiweka juu ya meza kabla hata ya kanga. Kitaa chake cha kijani kikakonyeza. Ndanu akainamisha kichwa. "Umekisikia, Bibi? Kimesema kipo." Nikasema, "Nimekisikia." Nikaukumbuka mwaka ule.

Huko alikotoka Ndanu si hadithi yangu, nami nilikotoka aulizwe aliyenizaa, na yeye yuko mchangani. Mie nasema mwaka ule tu, mwaka wake wa mwisho chuoni, alipokuwa amepanga kwangu. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja na meza moja, na juu ya meza hapakuwa na mahali pa kuweka kikombe. Nyaya! Nyekundu, nyeusi, za manjano, zimejikunja kama tambi za Idi. Ubao mdogo wa vitobo vitobo, na vijidudu vya chuma vyenye miguu mingi amevichomeka humo. Alikuwa na kijiti cha umeme chenye ncha ya moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na harufu yake ikitoka ikikutana na harufu ya mahamri yangu mlangoni, zikagombana. Nilimwuliza, "Mwanangu, wasomea nini hasa? Maana nikiulizwa na watu nasema wasomea moto." Akatafuta Kiswahili chake kile cha barabarani. "Shosho, hii kitu ni hivi. Kuna kompyuta ya kukaa kwa meza, sawa? Na kuna ingine unaificha ndani ya kitu. Ndani ya lifti. Ndani ya mashini ya kufua. Haina kioo, haina mtu wa kuiangalia. Inakaa huko peke yake ikifanya kazi moja tu, milele." Nikamwambia, "Hilo ni jini." Akacheka. "Ni jini, lakini linafanya tu kile umeandika. Ukiandika ujinga, linafanya ujinga."

Basi somo lenyewe ndilo hilo, kutengeneza akili ndogo na kuitia ndani ya kitu. Na somo hilo Ndanu alikuwa ameshalianguka mara moja. Hili sikuambiwa, nililisikia. Ukuta wa uani ni wa mawe upande mmoja, upande wa pili ni bati, na bati halina siri. Nilimsikia akiongea na mwenzake kwa simu, sauti imeshuka chini: "Nikifeli tena wananitoa, Mutuku. Hakuna ya tatu. Miaka yote hii imeenda hivyo tu." Tangu siku ile nami nikawa mwanafunzi. Nilikuwa nikimpelekea chai nasikiliza kwanza anavyopumua. Akipumua kwa pua, kitu kimewaka. Akipumua kwa mdomo, kimekufa. Na mara nyingi alipumua kwa mdomo. Ukimwambia, "Kula basi, mbaazi zapoa," atasema, "Nakuja shosho," sauti ya mtu aliye ndani ya kisima, na mbaazi zitapoa, na hamri litakauka, na paka atakula.

Mwalimu wao alikuwa akiitwa daktari. Mie nikauliza, atibu nini? Hatibu kitu. Daktari asiyetibu mtu, basi nikamwita Dakta Kavu. Alikuwa akimpigia simu, na Ndanu akiiweka ile sauti kubwa ili mikono yake ibaki na nyaya. Dakta alizungumza polepole, kila neno kama amelipima kwa mizani kabla ya kulitoa. "Nda-nu. Sitaki mwanasesere. Mwaka jana uliniletea mwanasesere. Nataka kifaa ambacho kitaachwa ndani ya nyumba ya watu, na wewe uondoke, na kifanye kazi. Umenielewa? U-on-do-ke." Nami jikoni nikimwigiza kwa mwiko, "U-on-do-ke," mpaka Ndanu akacheka kwa lazima, kisha macho yakajaa maji.

Wazo la makaa lilikuja kwa sababu yangu, na kwa ubaya. Masika ya mwaka ule yalikuwa ya kumwaga. Mie niliingiza jiko la makaa ndani nipikie wali, mlango nikaufunga mvua isiingie, na Ndanu amelala kwenye mkeka akisoma. Alipoinuka alitapika. Kichwa chamgonga, magoti hayana nguvu. Mie nikadhani mengine, msichana mkubwa, nikamwuliza, "Mwanangu, mwezi wako umeuona?" Akaniangalia, akaliangalia jiko, akatambaa mpaka nje akakaa kwenye mvua. Na hapo, matapishi bado mdomoni, nikamwona anatabasamu. "Shosho! Makaa yanatoa hewa mbaya. Haina harufu. Haina rangi. Pua yako haiwezi kuiona. Mimi nitatengeneza pua!" Basi akatengeneza pua. Kitu kidogo cha chuma kama kofia ya mwanasesere, na akaniambia pua hiyo lazima ijipashe moto kwanza ndipo inuse sawasawa, kabla ya hapo inasema uongo. Nikamwambia, "Kama mie kabla ya chai." Hewa ile ikizidi, kisanduku kinalia. Nacho kililia, wallahi. Kama kuku anayetaga yai la bata.

Sasa kikahitaji nyumba ya watu. Mie kazi yangu ni kukanda wazazi, na wakati ule nilikuwa namkanda Riziki, ukuta kwa ukuta na mimi, mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Mkwewe Riziki ni Bi Nuru, na Bi Nuru akisema jua litoke magharibi, mtu huchukua kiti akalingojea huko. Kwake arobaini ni arobaini. Madirisha yamefungwa yakatiwa na mapazia, upepo usimwingie mzazi tumboni. Jiko la makaa liko kando ya kitanda. Chetezo chafuka udi na ubani asubuhi na jioni. Kisu chini ya mto, mvuje wa harufu kali umefungwa kwenye kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto, jicho baya lisimpate. Na mzazi haachwi peke yake kimya kimya, kila anayepita uani humwita jina, naye aitike "Abee!" ndipo watu watulie. Nikamwambia Bi Nuru habari za kisanduku. Akainua pua. "Kinanusa? Nyumba yangu inanuka?" Nikambembeleza, nikamwambia ni masomo ya mtoto wa watu, thawabu. Akakubali kama mtu anayemeza mwarobaini. Ndanu akakigongelea msumari ukutani, juu ya kitanda.

Kililia siku ile ile. Chetezo kilipowashwa, kikalia. Jiko lilipochochewa, kikalia. Mtoto akiamka naye analia, wakawa wawili. Bi Nuru akanijia na mtandio umening'inia bega moja: "Bi Saumu! Mtambo wako huu una husuda na udi wangu! Wageni waja kumwona mtoto, wakaa watazama ukuta! 'Ni nini hicho, Bi Nuru? Ni saa? Ni kamera?' Mtoto hatazamwi!" Ndanu akamwambia kwa adabu zote alizokuwa nazo, "Mama, si ugonjwa ya kisanduku. Ni ya jiko. Fungua dirisha kidogo tu." Bi Nuru akamgeukia. "We binti, umeshazaa?" "Hapana." "Basi." Na neno hilo moja likafunga mkutano. Huku Dakta naye kwenye simu: "Ndanu, kifaa kinacholia kila saa ni kengele ya shule. Hakuna atakayekisikiliza. Pandisha kiwango. Nataka siku za utulivu. Da-ta sa-fi." Ndanu akakaa na kichwa baina ya magoti. Akaniambia, "Shosho, nikikifanya kiwe kigumu kulia, Dakta atafurahi, Bi Nuru atafurahi. Lakini mtoto ni mdogo. Kile kidogo kwetu ni kingi kwake." Hakukipandisha. Mie nikaona, huyu ataanguka, na ataanguka kwa sababu nimempeleka nyumba ya Bi Nuru.

Kisha mie nikashikwa na mafua. Mwenye mafua haingii kwa mzazi, hilo hata Bi Nuru halazimiki kusema. Nikabaki kwangu nafukiza mvuke wa mwarobaini, na kazi yangu ikawa kumwita Riziki kupitia ukuta. "Riziki!" "Abee!" "Hujambo?" "Sijambo, Bi Saumu!" Basi. Ndanu naye hakuruhusiwa kuingia, mtu aliyelowa mvua haingii na baridi yake kwa mzazi; alikuwa asimama barazani kwa Bi Nuru na simu yake, na kisanduku chamtumia habari zake kutoka ndani. Siku moja akarudi anarukaruka. Ndanu, kuruka! "Shosho, angalia!" Akanionyesha mstari kwenye simu. Zamani ulikuwa una milima kama meno ya msumeno. Sasa umelala kama maiti. "Imetulia! Siku hizi zote! Bi Nuru anafungua dirisha! Amenisikia!" Akala sahani mbili za wali kwa samaki siku ile, akalamba vidole, akamwigiza Dakta mwenyewe, vizuri kuliko mimi: "Da-ta sa-fi!" Nami nikafurahi, lakini kuna kitu kikanikwama hapa, kooni. Bi Nuru afungue dirisha? Bi Nuru yule? Nikajiambia ni makohozi.

Mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri, mvua yapiga bati kama watu wanaomwaga mawe, nikaita, "Riziki!" Kimya. Nikasema labda mvua. Nikaita tena kwa sauti ya kuuza samaki. Kimya. Nikajitia mtandio puani, mafua yangu na yote, nikaenda. Bi Nuru hayupo, ametoka mara moja kwa jirani kumpelekea uji mgonjwa. Mlango wa chumba umefungwa. Nilipoufungua, joto likanishika uso kama mtu amenikumbatia, na udi, na utamu wa udi. Riziki amelala chali na mtoto kifuani. Macho yake nusu. "Riziki." Midomo ikatikisika, sauti haikutoka, ikatoka mate. Mtoto nikamgusa, shingo yake laini kama kitambaa kibichi. Nikatazama ukutani. Msumari. Msumari mtupu. Sijui nilivyofanya; nakumbuka nimempeleka mtoto barazani kwenye upepo, nimerudi nikamkokota Riziki kwa kwapa na godoro lake, nimelipiga teke jiko likatoka likimwaga moto, nimevuta mapazia yakaja na fimbo yake. Na kichwa changu chaanza kuzunguka. Mtoto akapiga chafya. Ewe Mola, chafya ile! Halafu akalia. Bi Nuru akaja mbio, viatu mkononi, nikampigia kelele, "Kisanduku! Kiko wapi kisanduku?" Aliingia chumbani, akafungua kabati, akafukua chini ya kanga za sanda na nguo za Idi, akatoa fundo jeusi lanuka mvuje. Alikuwa amekifunga kwenye kaniki, tabaka juu ya tabaka, na mvuje ndani, ili kile kijicho chake kisimdhuru mtoto na macho ya wageni yasikae kwacho. Akalifungua fundo pale pale chumbani. Kisanduku kikapata hewa ile mbaya. Kikaanza kulia mikononi mwake, na Bi Nuru akasimama nacho, hajui kukinyamazisha, hajui kukiweka chini.

Hospitali waliwatia hewa safi mdomoni, mama na mwana, na jioni daktari wa kweli akatwambia watapona. Walipona. Huyo mtoto sasa avunja vioo vya watu kwa mpira. Lakini Ndanu hakupona. Alikaa sakafuni chumbani kwake akitazama ule mstari uliolala. Mutuku akampigia, nami bati langu liko kazini: "Ndanu, skiza. Mtoto amepona, ama? Mama amepona, ama? Hiyo grafu iko safi. Iweke, maliza, tuvae joho. Nani atajua?" Ndanu hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema, "Nitakupigia." Wasilisho lilikuwa keshokutwa yake. Nikapika mahamri ambayo hakuna aliyeyala.

Dakta alitaka kila mwanafunzi aende na mtu mmoja aliyekitumia kifaa. Bi Nuru alisema anaumwa. Basi nikavaa buibui langu la harusi za watu, tukavuka kwa feri, nikakaa kwenye ukumbi wenye baridi ya mashini, miguu haifiki chini. Watoto wa watu wakapita mmoja mmoja wakizungumza Kizungu. Mie Kizungu sijui, lakini nyuso najua. Dakta Kavu alikuwa mwembamba, miwani puani, kalamu yake yagonga meza: tok, tok. Akigonga polepole, mtoto yuko salama. Akiacha kugonga, maskini. Ndanu akapanda jukwaani. Akaonyesha pua, akaonyesha kisanduku, sauti yake yatetemeka kama kikombe kwenye sahani. Kisha ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango wa msikiti: ule mstari uliolala. Dakta akauona, akainua nyusi, akatikisa kichwa kwa kukubali. Tok, tok. Akasema neno, wengine wakageuka kumtazama Ndanu kwa kijicho. Hapo ndipo Ndanu alipoupa mgongo ule mstari. Mie nikashika kiti. Akasema, na alisema kwa Kiswahili, sijui ni kwa ajili yangu, "Huu mstari ni uongo."

Kalamu ikaacha kugonga. Akaeleza yote, kabati, kaniki, mvuje, mtoto. Kuna aliyecheka aliposikia mvuje, kisha akaona hakuna mwenzake. Dakta akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Nda-nu. Siku zile zote. Ulikuwa barazani, simu mkononi. Ulijuaje kama kifaa chako kiko kimya kwa sababu hewa ni njema, au kiko kimya kwa sababu kimekufa?" Ndanu akasema, "Sikujua." "Na mama mwenye nyumba?" "Hakujua." "Basi ulichojenga ni nini?" Dakta akavaa miwani. "Leo sikupi alama. Sijasema umeanguka. Una muda mpaka chuo kifungwe. Niletee jibu la swali hilo, usiniletee grafu." Tulirudi Bofu. Nilitamani kumwigiza Dakta tucheke.

Siku zikapita na jibu halipo. Alijaribu hili, akajaribu lile, ndani mwa kisanduku tayari mlikuwa na kile alichokiita mbwa mlinzi, kitu cha kuiamsha akili ikisinzia. Lakini mbwa huyo, aliniambia, hajui kama amefungwa kabatini. Riziki alikuwa amerudi nyumbani kwa miguu yake, arobaini yaisha, dirisha liko wazi na Bi Nuru amelitazama dirisha lile kama mtu anayetazama mke mwenza, lakini hajalifunga. Jioni moja jua bado liko juu ya minazi, tunakula mbaazi barazani, mie nikaita kama kawaida, "Riziki!" "Abee!" Nikaendelea kutafuna. Ndanu akasema, na alikuwa na hasira za bure siku hizo, "Bibi, mbona bado unamwita? Amepona." Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita Bibi, nami nikajifanya sikuona. Nikamwambia, "Simwiti kwa sababu anaumwa. Namwita nimsikie." Hamri lake likabaki njiani, mdomo uko wazi. Akasema, "Ukiita na asiitike?" "Si naenda. Siku ile si kimya chake kilichonipeleka?" Akaliweka hamri chini, akaingia chumbani kwake, na bati likaniletea pumzi zake. Kwa pua.

Siku ya kurudi kwa Dakta nilikwenda tena, bila kualikwa. Hatukuwa ukumbini, tulikuwa ofisini kwake, na vitabu vimepanda mpaka dari. Kisanduku kiko mezani. Kikasema: ti. Kidogo, kama kifaranga. Tukazungumza, kikasema tena: ti. Dakta akauliza hiyo ni nini. Ndanu akasema, "Kinaitika. Hata kama hakuna hatari, kinasema kipo." Dakta akakitazama, kisha akavuta droo ya meza yake, akakitia ndani chini ya makaratasi, akafunga. Mjanja yule! Tukakaa. Tukangoja, Dakta amekunja mikono, na kimya kikawa kirefu mpaka kikaniumiza meno. Akasema, "Sijasikia kitu, Ndanu. Kifaa chako kimeshindwa." Ndanu akamwambia, taratibu, "Hujasikia kitu, daktari. Ndiyo maana sasa utafungua droo." Dakta akatazama droo. Akatazama mkono wake mwenyewe, na mkono tayari ulikuwa umeshashika kishikio. Alimpitisha. Alama ya kupita tu, si ya kupigiwa vigelegele, lakini mie nilivipiga pale pale ofisini, na watu wakatoka vyumbani wakidhani kuna harusi.

Sasa Ndanu amezaa, wa kike, na yuko chumbani kwake cha uani. Jiko liko barazani, nje, namkanda kwa maji ya moto niyapashayo huku, na dirisha liko wazi, na Bi Nuru akija hukaa karibu na dirisha hilo akasema, "Upepo mzuri," kwa meno yaliyokutana. Kisanduku kiko ukutani. Ndanu husikia ti yake akalala usingizi. Nami hapa barazani namwita. "Ndanu!" "Abee, Bibi!" Baada ya muda, "Ndanu!" "Abee! Bibi, kisanduku si kimesema?" "Kimesema. Nataka useme wewe." Juzi akanitokea mlangoni, mtoto begani, kisanduku mkononi. Akanisogezea sikioni. "Sikiliza basi. Umekisikia?" Nikasema, "Nimekisikia, hicho, ti." Akanitazama, macho yale yale ya kutafuta waya uliokatika. "Bibi, nimetoa betri tangu asubuhi." Ukweli ni kwamba sijakisikia hata siku ile alipokuja; masikio haya siku hizi yasikia sauti nene tu, ti yake ni nyembamba, yanipita kama uzi. Nikadhani atacheka. Alirudisha betri, akakitundika msumarini, akasema, "Basi endelea kuita."

Naita. Mvua ikishika bati sisikii hata abee yake, na masika ya mwaka huu hayana huruma. Hapo naacha mchele, nainuka na magoti yangu, naenda mpaka kitandani. Ndanu hainui kichwa. Huinua mkono mmoja tu kwangu, macho yamefumba. Mtoto bado hajajua kuitika. Yeye namwekea kidole chini ya pua, nangoja.